Dead or Alive 2: jinsi ya kuicheza na kuzielewa bonasi zake tatu kabla hujaweka hata mia

Kila wiki naulizwa maswali yaleyale. "Bro nichague bonasi ipi?" "Mbona nimepata free spins (mizunguko ya bure) afu nimelipwa elfu moja tu?" "Hii gemu inatema (inalipa vizuri) saa ngapi?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka sasa nimeamua niandike mara moja, ukiniuliza nakutumia hii. Sikuuzii kitu na sina promo code ya kukupa, nimecheza hii gemu muda mrefu, nimeshaliwa hela ambayo haikutakiwa kuliwa kwa sababu tu sikuwa nimesoma ukurasa mmoja wa maelezo, na sitaki wewe upite hukohuko.

Kwa kifupi tu ujue unacheza nini. Dead or Alive 2 ni sloti, yaani gemu ya kubahatisha ya kuzungusha picha mtandaoni, ya NetEnt, kampuni ya Sweden iliyoanza 1996, saivi iko chini ya Evolution. Gemu ya kwanza ilitoka 2009, hii ya pili ikaja 2019. Mambo yake ni ya majambazi wa Marekani ya magharibi zamani, wale wa farasi na bastola, wezi wa treni na mabenki, na mabango ya WANTED yaliyobandikwa ukutani. Kwenye gemu ya kwanza yale mabango yalikuwa na watu wa kweli kabisa, Billy the Kid aliyeuawa 1881, Jesse James aliyepigwa risasi 1882, na Belle Starr, mwanamke aliyeuawa 1889. Wote hao hawakuzeeka. Basi, historia tunaiacha hapo, twende kwenye kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Umri wa miaka 18 kwenda juu. Hapa sina mjadala, kama hujafika funga huu ukurasa.
- Simu au kompyuta yenye browser ya kawaida. Gemu inacheza kwenye browser, HUHITAJI kudownload APK (faili la kuweka app kwenye simu) yoyote. Mtu akikutumia APK ya "Dead or Alive" WhatsApp, futa.
- Bando la kutosha na mtandao uliotulia.
- Daftari na peni, au notes za kwenye simu. Usicheke, hiki ndo kifaa muhimu kuliko vyote.
- Tovuti yenye leseni. Tanzania msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, Kenya kuna sheria mpya ya 2025, wa Uingereza tafuta leseni ya Gambling Commission. Namba ya leseni inakaa chini kabisa ya ukurasa, isome, alafu kaihakikishe kwa msimamizi mwenyewe, usihakikishe kwa yule anayekuuzia.
- Hela ambayo ikipotea yote leo, kesho nyumbani kunaliwa kama kawaida. Sio ada, sio kodi ya nyumba, sio ya kijumbe wa mchezo. Kama huna hiyo, bado unaweza kufuata hatua 1 mpaka 5 bure kabisa kwenye demo na ukajifunza kila kitu.

Hatua ya 1: Fungua demo, sio akaunti ya hela

Demo ni gemu ileile ila salio ni la bandia. Watu wengi wanaruka hapa kwa sababu wanaona ni mchezo wa kitoto, na hapa ndo wanapoanza kuliwa. Unajifunza kuendesha gari kiwanjani, huendi kujifunzia Ubungo saa kumi na mbili jioni.

Ikifunguka utaona rili tano, yaani safu za picha zinazozunguka, kila moja na nafasi tatu kwenda chini. Mistari ya malipo, yaani njia ambazo alama zikifanana unalipwa, ni 9 na haibadiliki, huwezi kupunguza. Hii ni tofauti na mashine za dubwi za mtaani ambazo mtu ameshazizoea, kwahiyo usizifananishe.

Hatua ya 2: Ingia kwenye maelezo ya malipo usome mpaka mwisho

Kuna kitufe cha alama ya "i" au alama ya swali, kibonyeze. Kaa hapo dakika kumi. Haya ndo ya kuyashika:

Malipo yanahesabiwa kuanzia rili ya kwanza kushoto kwenda kulia. Maana yake alama tatu nzuri zikikaa rili ya 3, 4 na 5, hazikulipi kitu. Nimeona mtu anapiga picha skrini analalamika ameibiwa, kumbe alama zimeanzia katikati. Hajaibiwa, hakusoma.

Alama za bei ndogo ni zile herufi na namba, 10, J, Q, K, A. Za bei kubwa ni vitu vya wakati ule, nyota ya sherifu, bastola kwenye mkanda wake, kofia, buti, na glasi za pombe. Nyota ya sherifu ndo kubwa kati ya hizo.

Waildi ni bango la WANTED. Inakaa badala ya alama yoyote isipokuwa skata.

Skata ni bastola mbili zilizopishana. Hii haijali mistari, popote zinapotokea zinahesabiwa. Tatu zinakufungulia bonasi, na zenyewe pia zinalipa, ambapo tano kwa mpigo ni mara 2,500 ya dau. Tano kwa mpigo usizipangie bajeti lakini, mimi sijawahi kuziona kwa macho yangu.

Alafu tafuta neno RTP, yaani asilimia ya madau inayorudi kwa wachezaji. Kwenye toleo la kawaida ni kama asilimia 96.8. Ukikuta namba ya chini zaidi ya hapo basi hiyo tovuti imeweka toleo lingine, hama. Gemu ni ileile kwa macho ila inakula zaidi, sa kwanini ucheze hiyo?

Hatua ya 3: Elewa hiyo asilimia kwa shilingi

Nadharia naweka hii moja tu, mana bila hii utaendelea kuniuliza gemu inatema saa ngapi.

RTP ya 96.8 maana yake ukijumlisha madau yote ya watu wote kwa muda mrefu sana, kila shilingi 100,000 iliyozungushwa, 96,800 inarudi kwa wachezaji na 3,200 inabaki kwa wenye tovuti. Sio kwamba WEWE ukiweka laki utarudishiwa 96,800. Wewe unaweza ukapata sifuri na jirani yako akapata laki tatu, wote wawili mko ndani ya hiyo hesabu.

Na angalia neno "iliyozungushwa". Tuseme unaweka dau la 90 kwa spini (mzunguko mmoja) na unapiga spini 600 kwa saa, hiyo ni kama kumi kwa dakika, kawaida kabisa. Umezungusha 54,000 hata kama mfukoni ulitoka na 10,000, mana ushindi mdogomdogo unaurudisha tena ndani. Asilimia 3.2 ya 54,000 ni 1,728. Hiyo ndo bei ya wastani ya saa moja ya kucheza. Ukipandisha dau liwe 900 kwa spidi ileile, bei inakuwa 17,280 kwa saa. Saa moja! Kibarua wa siku nzima anapokea chini ya hapo sehemu nyingi.

Sasa kwenye hii gemu hata huo wastani hutausikia, kwa sababu volatiliti yake iko juu sana. Inalipa kidogokidogo sana au hailipi kwa muda mrefu, alafu sehemu kubwa ya malipo yake imefichwa kwenye bonasi, na hata humo kwenye bonasi imefichwa kwenye bonasi chache sana. Wanaosema upeo wa ushindi ni mara 111,111 ya dau hawadanganyi, ndo namba iliyotangazwa. Ila ili namba kama hiyo iwepo kwa mtu mmoja, spini nyingi mno za watu wengine lazima ziwe kavu. Hela haitoki hewani.

Hatua ya 4: Jifunze bonasi tatu moja moja

Hapa ndo roho ya gemu na hapa ndo nitakaa zaidi. Ukipata skata tatu, gemu inasimama inakuuliza uchague moja kati ya vyumba vitatu. Vyote vinaanza na free spins 12. Mtu asiyejua anabonyeza ya kwanza iliyo karibu na kidole. Usifanye hivo.

*Train Heist (wizi wa treni).* Hapa waildi haing'ang'anii, inatokea kisha spini inayofuata imeondoka. Lakini kila waildi inayotokea inakuongezea spini 1 na inapandisha kizidishi (namba inayozidisha ushindi wako) kwa 1. Kwahiyo unaanza na kizidishi cha kawaida, ikija waildi inakuwa mara 2, ikija nyingine mara 3, na hakishuki mpaka bonasi iishe. Ukifika mara 16 unaongezewa spini 5 zingine. Uzuri wake ni kwamba inajilisha yenyewe, unaweza ukaona spini zimebaki 2 afu ghafla zimekuwa 5. Ubaya ni kwamba kizidishi kinakuwa kikubwa mwishoni wakati spini zimeshakwisha. Ndo ya upole kuliko zote tatu. Anayeanza aanzie hapa.

*Old Saloon.* Hii ndo ileile ya gemu ya 2009 kwa wale wakongwe. Ushindi wote unazidishwa mara 2 tangu spini ya kwanza, na kila waildi inayotua inang'ang'ania palepale mpaka bonasi iishe. Ukipata angalau waildi moja kwenye kila rili, unaongezewa spini 5. Ni ya katikati. Inaweza kukupa kidogo, inaweza kukupa vizuri.

*High Noon Saloon.* Hii ndo inayowatoa watu roho. Waildi zinang'ang'ania pia, ila hakuna ile mara 2 ya bure. Badala yake waildi mbili zikikaa kwenye rili moja zinageuka kuwa kizidishi cha mara 2, tatu zikijaa rili nzima inakuwa mara 3. Waildi kwenye rili zote tano, spini 5 za ziada. Zile video za watu wanashinda mpaka wanalia ni za chumba hiki. Ila zisizorushwa na mtu yeyote ni zile ambazo chumba hiki kimetoa mara 3 ya dau, au sifuri kabisa, na ndo nyingi.

Kosa nililofanya mimi, na niliendelea nalo karibu miezi miwili: nilikuwa nachagua High Noon kila mara kwa sababu ya video. Kila bonasi naiona kama imekufa. Nikaanza kuamini tovuti imenifunga kwa makusudi, nikahama tovuti, kulekule ikawa hivohivo. Siku nimekaa nimesoma maelezo vizuri ndo nikagundua kwamba bila waildi mbili kwenye rili moja, nilikuwa nacheza Old Saloon iliyonyang'anywa mara 2. Yaani kwa bonasi za kawaida nilikuwa najipunguzia mwenyewe malipo kwa nusu. Hakuna aliyenionea, nilikuwa nanunua tiketi ya bahati nasibu huku nadhani nanunua nauli.

Na jambo lingine kuhusu waildi zinazong'ang'ania, sehemu zinapotua ni muhimu kuliko idadi. Kumbuka malipo yanaanzia kushoto. Ukipata waildi nne zote ziko rili ya 4 na ya 5, utakaa unaziangalia zinang'aa tu na hazilipi mpaka rili tatu za mwanzo zikutane na alama moja. Lakini waildi mbili tu, moja rili ya 1 na moja rili ya 2, zikiwa kwenye mstari mmoja mapema, zinakulipa karibu kila spini iliyobaki. Kwahiyo ukiona mtu anashangilia waildi za rili ya 5 kwenye spini ya 11, ujue bado anajifunza.

Hatua ya 5: Piga demo spini 500 ukiandika

Chukua daftari. Andika namba ya spini bonasi ilipoingia, umechagua chumba gani, na imelipa mara ngapi ya dau. Usiandike shilingi, andika MARA NGAPI, yaani malipo gawanya kwa dau. Bonasi ikikupa 1,800 na dau ni 90, hiyo ni mara 20.

Kwangu mimi mara ya kwanza kufanya hivi spini 500 zilinipa bonasi mbili tu, na moja haikufika hata mara 15. Nilikaa kimya kidogo. Mana kwa kumbukumbu tu, bila daftari, ningekuapia kwamba bonasi inaingia kila baada ya dakika kumi. Kichwa kinakumbuka ushindi, ukame kinausahau.

Kama baada ya spini 500 unaona uvivu na umechoka, hiyo ni taarifa nzuri sana, hii gemu sio yako na umejua bure.

Hatua ya 6: Panga bajeti kwa spini, sio kwa shilingi

Hii ndo hesabu ambayo wageni hawaifanyi. Tuseme umeweka 20,000:

- Dau 90, unapata kama spini 222
- Dau 450, spini 44
- Dau 900, spini 22

Kwa gemu ambayo spini 200 bila bonasi ni jambo la kawaida kabisa, mwenye spini 22 anatafuta nini? Atakaa dakika mbili na kidogo hela imekwisha, afu ataweka nyingine. Kwa gemu hii mimi nasema ukishindwa kupata angalau spini 200 kwa hela uliyonayo, dau lako ni kubwa. Shusha. Na kama dau la chini kabisa la hiyo tovuti bado linakupa chini ya 200, usicheze hiyo siku. Kwa euro dau la chini ni senti 9, senti moja kila mstari, kwa shilingi inategemea tovuti imeweka ngapi.

Hatua ya 7: Weka vikomo kabla ya kuweka hela

Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta kikomo cha kuweka hela kwa siku au kwa wiki. Kiweke SASA ukiwa na akili zako, sio usiku umeshaliwa. Weka na alamu ya simu ya dakika 45. Kiasi cha kusimama ukiwa umeshinda nacho kiandike kwenye daftari, mfano salio likifika mara mbili, natoa lote. Bila kuandika utajiambia "ngoja kidogo".

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza, huko mambo yamebanwa zaidi na ni vizuri: tangu 2021 hakuna gemu kujizungusha yenyewe na lazima sekunde 2.5 zipite kati ya spini na spini, na tangu 2025 dau la sloti za mtandaoni halizidi pauni 5 kwa spini, pauni 2 kwa wenye miaka 18 mpaka 24. Ukitaka kujifungia kabisa kuna GAMSTOP, na Sweden kuna Spelpaus, unajisajili mara moja tovuti zote zenye leseni zinakukataa. Sisi wa huku tumia kitufe cha kujifungia ndani ya akaunti yako, na kama hakipo waandikie huduma kwa wateja kwa maandishi wakufungie, usipige simu, utaongeleshwa mpaka ughairi.

Hatua ya 8: Kataa bonasi ya ukaribisho mpaka uipigie hesabu

Usichanganye bonasi ya gemu na bonasi ya tovuti, ni vitu viwili. Tovuti inakwambia weka 10,000 tukupe 10,000. Soma chini. Ukikuta sharti la kuzungusha mara 35, ujue ili utoe lazima upitishe 350,000 kwenye gemu. Asilimia 3.2 ya 350,000 ni 11,200. Yaani kwa wastani ile zawadi ya 10,000 inaliwa yote kwa kuitafuta, na juu yake unaongeza 1,200 yako. Alafu sehemu nyingi gemu kali kama hii zinatolewa kwenye orodha, unazungusha na haihesabiwi, au ushindi unafutwa wote. Kama orodha ina jina Dead or Alive kwenye zilizokatazwa na wewe umecheza, hata ukilia hawatakulipa, na kwa maandishi watakuwa sahihi.

Hatua ya 9: Cheza kwa hela, taratibu

Dau moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Usipandishe baada ya kuliwa ili "kurudisha", usipandishe baada ya kushinda ili "kupiga moto". Zima spidi ya haraka. Zima kujizungusha yenyewe kama ipo, bonyeza kwa kidole chako mwenyewe, mana kidole kinachoka na kuchoka kunasaidia.

Bonasi ikiingia, vuta pumzi, chagua chumba ulichokipanga kabla. Mimi saivi ni hivi: nikiwa na hela ndogo na nataka kikao kiendelee, Train Heist. Nikiwa nimeshatoa kiasi changu pembeni na nacheza na cha ziada, Old Saloon. High Noon naichagua nikiwa nimekubali moyoni kwamba inaweza ikatoa sifuri na sitakasirika. Kama utakasirika, usiichague.

Kuna toleo lingine la gemu hii lenye kitufe cha kununua bonasi moja kwa moja. Anayeanza asiguse. Unalipa kwa mpigo mmoja dau la spini nyingi sana, na bonasi unayopewa ni zilezile, nyingi zake kavu. Nimeona bajeti ya mwezi ya mtu ikiisha kwa dakika sita hapo.

Ikileta shida

*Mtandao umekata katikati ya free spins.* Tulia. Matokeo yanapangwa kwenye seva, sio kwenye simu yako. Fungua tena gemu ileile kwenye akaunti ileile, itaendelea pale ilipoishia au utakuta malipo yameingia. Usifungue gemu nyingine kwanza. Kama haijaonekana, ingia kwenye historia ya michezo, chukua namba ya raundi, piga picha skrini, watumie huduma kwa wateja.

*Nimeweka hela kwa simu, salio halijasoma.* Usitume tena! Subiri, tafuta ile meseji ya muamala, namba ya kumbukumbu iliyomo ndo ushahidi wako. Angalia pia kama namba uliyotuma nayo ndo iliyosajiliwa kwenye akaunti.

*Hela hazitoki.* Mara nyingi ni jina. Jina la akaunti na jina la laini ya simu vikitofautiana, wanazuia. Kwahiyo usifungue akaunti kwa kitambulisho cha shemeji yako. Sababu ya pili ni ile bonasi ya ukaribisho bado haijazungushwa. Lakini ukiambiwa "tuma kwanza elfu 30 ya kufungulia malipo", hapo umeshatapeliwa, usitume, ripoti.

*Nimeuziwa signal za saa ya kutema.* Hazipo. Kila spini inapangwa upya bila kukumbuka ya nyuma, na kundi la Telegram haliwezi kuona seva ya NetEnt. Anayejua saa ya kutema angekaa kimya ashinde mwenyewe, asingekuuzia kwa elfu tano.

*Nimepiga spini 300 hakuna bonasi, imekaribia sasa?* Hapana. Spini ya 301 ina nafasi ileile kama ya kwanza. Hii ndo sentensi ngumu kuikubali kuliko zote na nimeiona ikimaliza watu, mana mtu anaona akiondoka atakayekuja nyuma yake ndo atapata. Hakuna atakayekuja nyuma yako, gemu haina foleni.

*Nimeshakula hela ambayo haikuwa yangu na sijui namwambiaje mke wangu.* Hili swali limeanza kuja inbox na silipuuzi. Funga akaunti leo kwa kitufe cha kujifungia, muda mrefu kuliko wote waliouweka. Futa namba ya malipo iliyohifadhiwa kwenye browser. Alafu mwambie kiasi kamili, sio nusu, mana ukificha nusu utarudi kuitafuta hiyo nusu humohumo. Usikope kwenye app za mikopo kuziba. Ukiona huwezi kulala, mkono unatafuta simu wenyewe saa tisa usiku, tafuta mtu wa kuongea naye, hospitali kubwa zina kitengo cha afya ya akili na wanalijua hili tatizo, hutakuwa wa kwanza. Na mimi ukiniandikia kuhusu hili nitajibu kabla ya anayeuliza achague chumba gani.